Nakshi ya Lamu, Kitambaa Chako: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi wa Sanaa Wanaozuru Makumbusho

Kila muhula ukianza napokea ujumbe wa namna moja kutoka kwa walimu wenzangu: "Tulikwenda Lamu, tukapiga picha chungu nzima, lakini kazi ya mradi imetushinda." Picha wanazonitumia ni nzuri. Mlango umeonekana wote, ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, umeonekana wote, na mbele yake wamesimama watoto wanne wanacheka. Ila kwenye karatasi ya mradi kuna ua moja tu limekaa katikati, si la Lamu wala si la mwanafunzi.

Siwacheki. Darasa la kwanza nililolipeleka mimi lilikuwa na wanafunzi 38, wakarudi na madaftari 38 yaliyojaa maelezo ya vibao, yamenakiliwa neno kwa neno mpaka nambari za vitu. Nikawaambia wachore mlango mmoja kwa kumbukumbu. Kijana mmoja, hodari kabisa wa kuchora, akachora mlango wa nakshi kisha akaupachika kitasa cha mviringo kama cha mlango wa ofisi. Na alikuwa amesimama mbele ya mlango wenyewe kwa robo saa nzima.

Tatizo ni kwamba tunawapeleka watoto kutazama picha, ilhali nakshi ni kanuni. Kuna kipande kimoja, kuna namna kinavyojirudia, na kuna namna kinavyokata kona. Ukiondoka na hayo matatu, picha hata usipige. Mwongozo huu unaanzia kwenye barua ya ruhusa na kuishia kwenye kitambaa cha meza chenye pindo ulilolibuni mwenyewe. Historia ya mji utaisimuliwa na mwongozaji wa pale. Mimi nitabaki kwenye penseli.

Nimechagua Lamu kwa sababu Makumbusho ya Lamu yaliyo ufukoni na Nyumba ya Kiswahili, nyumba ya kale iliyogeuzwa makumbusho ndani ya mitaa, ziko mwendo mfupi wa miguu, na katikati yake kuna mji wenye milango ambayo bado inafunguliwa na kufungwa kila siku. Aliye Mombasa anaweza kufanya haya haya Ngome ya Yesu na vichochoro vya Mji wa Kale. Aliye Unguja ana Mji Mkongwe mzima.

## Vifaa

Vya kila mwanafunzi, siku ya ziara:

- Daftari la kuchorea lisilo na mistari, lenye jalada gumu. Jalada laini litakulazimisha uegemee ukuta, na kuta zile si za kuegemewa.
- Penseli mbili, HB na 2B, na kichongeo chenye kikopo cha kushika maganda.
- Kifutio na rula ya sentimita 30.
- Kadi ngumu iliyokatwa dirisha la sentimita 4 kwa 6 katikati. Boksi la dawa ya meno latosha. Kadi hii ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote, usiidharau.

Vya darasani, baada ya ziara:

- Bikari isiyolegea.
- Karatasi ya kufuatishia. Ikikosekana, karatasi ya kutandikia trei za kuokea inaonyesha vizuri.
- Filamu kuukuu za eksirei, au majalada ya plastiki ya madaftari, za kukatia stensili, yaani kipande chenye matundu ya kupitishia rangi.
- Wembe wa kukatia karatasi wenye mpini, na ubao wa kukatia.
- Melikani au pamba nyingine nyeupe, rangi ya kitambaa, vipande vya sponji na selotepu ya karatasi.
- Kanga moja kutoka nyumbani. Isiyo mpya ndiyo bora, mama hatakuja juu.

Acha nyumbani kalamu za wino, rangi, makaa na chaki. Tone moja la wino kwenye chokaa ya zamani halitoki. Begi kubwa la mgongoni nalo liache mlangoni: ukigeuka nalo chumbani, wewe hulioni linapogonga.

## Hatua ya 1: Barua, na hesabu ya watu

Andika barua kwa uongozi wa makumbusho mapema, yenye idadi ya wanafunzi, umri wao, na sentensi moja iliyo wazi: mnakuja kuchora, si kutembea tu. Uliza mambo matatu kwa majina yake. Je, kukaa sakafuni na kuchora kunaruhusiwa? Je, picha zinaruhusiwa, na vyumba gani? Je, kuna saa ambazo watalii ni wachache?

Sababu ya kusisitiza idadi ni nyumba zenyewe. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Ukiingiza wanafunzi 30 kwa pamoja, ishirini na wanne watachora visogo vya wenzao. Gawa makundi ya sita sita. Kundi moja liwe Nyumba ya Kiswahili, jingine makumbusho ya ufukoni, jingine mtaani na mwalimu, kisha mbadilishane.

Epuka kupanga ziara Ijumaa adhuhuri. Na kwa kuwa mnavuka kwa boti kutoka Mokowe, funga madaftari kwenye mfuko wa plastiki. Nimeshaona michoro ya asubuhi nzima ikilowa maji ya chumvi wakati wa kurudi.

Umefaulu ikiwa una jibu la maandishi mkononi na orodha ya makundi yenye majina.

## Hatua ya 2: Soma kanga kabla ya kusoma mlango

Usimpeleke mtu Lamu kabla macho yake hayajazoea. Wiki moja kabla, tandika kanga mezani. Kila mwanafunzi wa Pwani anajua sehemu zake: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa. Wasiojua watajifunza kwa dakika moja.

Sasa waambie waache mji na jina, waangalie pindo peke yake. Watafute ni umbali gani ukitembea kwa kidole ndipo umbo lile lile linarudi. Wapime kwa rula. Halafu waende kwenye kona nne: je, umbo limekatwa katikati, limegeuzwa kimshazari, au pamewekwa kitu kingine kabisa cha kuziba pengo? Kwenye kanga iliyobuniwa kwa haraka utaona ua limekatwa nusu kama limepitiwa na mkasi. Kwenye iliyobuniwa kwa utulivu, kona ina lake.

Umefaulu ikiwa mwanafunzi anaweza kusema "kipande ni sentimita kadhaa, na kona imetatuliwa hivi" bila kutaja rangi hata moja. Rangi humpumbaza anayeanza.

## Hatua ya 3: Mzunguko wa kwanza bila penseli

Mkifika, penseli zote zibaki mfukoni kwa dakika ishirini. Wanafunzi hulalamika hapa, nawe usilegee. Anayeanza kuchora mlangoni huchora kitu cha kwanza alichokiona, na cha kwanza mara nyingi ndicho kigumu kuliko vyote.

Katika mzunguko huu watafute vitu vya nyenzo tofauti vilivyopambwa: mbao, chokaa, nyuzi, pembe, majani ya ukindu. Waulizane swali moja tu kila mahali: *huyu fundi alikuwa ameshika nini mkononi?* Mwenye patasi anakata ukingo mkali, na kivuli chake ni kama mstari wa kalamu. Anayechonga chokaa kabla haijakauka kabisa anapata ukingo laini, uliozunguka kidogo. Mshonaji wa kofia ya viua hana mstari hata mmoja. Ana matundu madogo aliyoyazungushia uzi, na mstari unaouona ni matundu yaliyojipanga. Msukaji wa mkeka ana ukili tu, ule utepe wa majani yaliyosukwa, kwa hiyo kila umbo lake lazima lipande kimshazari kama ngazi. Hawezi kutoa duara hata akilipwa.

Hapo ndipo wengi wanapoanza kuelewa, na hakuna kibao kitakachokuambia.

Umefaulu ikiwa kila mwanafunzi ametaja vitu viwili vya nyenzo tofauti na jambo moja ambalo kimoja kinaweza na kingine hakiwezi.

## Hatua ya 4: Chagua kitu kimoja, basi

Kimoja. Si vitatu "ili tupate vya kuchagulia". Saa moja na nusu inatosha kitu kimoja kichorwe vizuri, na vitatu vikaharibika.

Ushauri wangu wa wazi kuhusu uchaguzi:

*Mlango wa nakshi* ndio bora kwa anayeanza. Nakshi imekaa kwenye kizingiti cha juu, kwenye miimo ya pande mbili, na kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili. Mbao zenyewe mara nyingi ni tupu. Kwa hiyo una mikanda mirefu iliyonyooka, ndicho hasa unachohitaji kwa pindo la kitambaa. Milango ya mtindo wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, yenye miduara na mistari iliyokatwa bila kina kirefu, ni rahisi zaidi kuielewa kwa bikari kuliko ile yenye majani yanayopandana.

*Ukuta wa zidaka* katika Nyumba ya Kiswahili unamfaa anayependa kuhesabu. Usiuchore wote. Hesabu safu na nguzo, chora kidaka kimoja na fremu yake, kisha chora ramani ndogo ya mahali kilipo. Mwanga ni mdogo, nitalirudia hilo.

*Kiti cha enzi*, kwa msuko wake wa nyuzi na vipande vya pembe vilivyotiwa kwenye mbao nyeusi, ni kizuri kwa mwenye subira. Chora ubao mmoja wa mgongo tu.

*Siwa*, lile baragumu kubwa la sherehe, iache. Najua kila mtoto anaitaka, na ile ya Pate ya pembe za ndovu hakika inamsimamisha mtu. Lakini nakshi zake zimezunguka mwili wa mviringo unaopinda, na kuzilaza bapa kwenye karatasi ni kazi ya mtu aliyekwisha kufanya kumi rahisi kabla yake. Itazame, ipende, kisha rudi mlangoni.

## Hatua ya 5: Mifupa kwanza, nyama baadaye

Kaa umbali ambao kitu chote kinaingia machoni bila kugeuza shingo. Nyoosha mkono ulioshika penseli iliyolala, funga jicho moja, pima upana wa mlango kwa kidole gumba juu ya penseli. Bila kusogeza kidole, geuza penseli uone upana huo unaingia mara ngapi kwenye urefu. Andika jibu pembeni.

Chora mstatili wa nje kwa uwiano huo. Gawa ndani yake kizingiti, miimo na mfaa kwa mistari myepesi. Hakuna ua, hakuna jani, hakuna kivuli. Dakika kumi na tano zote ni za mistari iliyonyooka.

Sababu: aliyeanza na ua la chini atafika juu akute karatasi imekwisha au mlango umekuwa mnene kama kabati. Nakshi haiwezi kukaa sawa kwenye mifupa iliyopinda.

Onyo: usisogee kugusa ili "kuhisi". Na usiweke karatasi juu ya nakshi ukaisugua kwa penseli ili umbo lijitokeze. Wanafunzi hujifunza ujanja huu kwa sarafu, wakadhani ni halali kila mahali. Kwenye mbao au chokaa ya zamani, mkono unaosugua unamomonyoa kingo zenyewe unazozitaka.

Umefaulu ikiwa mwenzako akitazama mistari yako mitupu anajua ni mlango gani kati ya iliyopo.

## Hatua ya 6: Kadi yenye dirisha

Sasa toa ile kadi. Ishike mbele ya jicho, isogeze mbele na nyuma mpaka upana wa mkanda wa nakshi ujae kwenye urefu wa dirisha. Isafirishe polepole kando ya mkanda. Utaona umbo linaingia, linajaa, linatoka, na lingine linaingia. Simama pale ambapo dirisha lina umbo moja kamili na nusu ya mapengo ya pande zote mbili. Hicho ndicho kipande chako.

Kichore kikubwa, ukurasa mzima. Kisha pembeni yake andika majibu ya maswali haya:

Kipande kinachofuata ni kile kile, au kimegeuzwa kama kwenye kioo? Au vinapokezana viwili, kimoja kikubwa kimoja kidogo? Kati ya kipande na kipande kuna nini: mstari, nukta, au pengo tupu? Na mkanda wenyewe umefungwa na nini juu na chini? Mara nyingi utakuta mistari miwili myembamba au mnyororo mdogo, na bila hiyo nakshi nzima ingeonekana inaelea.

Kuhusu mwanga: ndani ya nyumba za mawe mwanga huingia kutoka uwanja wa ndani, na usoni mwa ukuta unaweza usione kitu. Sogea upande mmoja ili mwanga uupitie ukuta kimshazari. Nakshi iliyokuwa bapa itasimama ghafla na vivuli vyake. Usiwashe mmweko wa simu: kwanza pengine umekatazwa, pili mwanga wa mbele unaua vivuli vyote, na picha yako itatoka kama ukuta uliopakwa rangi jana.

Umefaulu ikiwa unaweza kuziba kitu kwa mkono ukachora kipande cha pili na cha tatu bila kutazama, kisha ukatazama ukakuta umepatia.

## Hatua ya 7: Kona, na mwanzo

Hapa ndipo wanapoanguka karibu wote, kwa hiyo tukae kidogo.

Nenda na macho mpaka pale mwimo unapokutana na kizingiti. Mkanda uliokuwa unapanda sasa lazima ulale. Chora mahali hapo peke yake, sentimita kumi kila upande, na useme fundi alifanya nini. Kuna anayeweka waridi la duara kwenye mraba wa kona, na kanda zote mbili zikaishia pale kwa heshima. Kuna anayesimamisha mkanda wa pembeni chini ya kizingiti na kuanza nakshi nyingine kabisa juu. Kuna anayeupitisha mkanda bila kukatika, na huyo mtazame kwa makini, kwa maana alipiga hesabu kabla ya kushika patasi.

Halafu tafuta mwanzo. Hili sikulijua mpaka nilipofundishwa mbele ya wanafunzi wangu. Tulikuwa mtaani, binti mmoja amekaa kwenye baraza ya watu akichora mwimo kutoka usawa wa macho yake. Mzee wa nyumba akatoka, akamwangalia kwa muda, akamwambia: "Mwanangu, wewe wachora katikati. Fundi hakuanza hapo." Akamwonyesha chini kabisa, karibu na kizingiti cha kukanyaga, ambako nakshi ilianzia kwenye umbo dogo kama chombo, shina likatoka ndani yake, likapanda. Yale majani yote aliyokuwa akiyachora yalikuwa yanaota kutoka pale. Akafuta ukurasa mzima.

Umefaulu ikiwa una michoro mitatu: kipande, kona, na mwanzo. Ukikosa mmoja, rudi. Huko darasani hutaubuni.

## Hatua ya 8: Mtaani kuna wenyewe

Milango ya mitaani ni ya nyumba za watu. Piga hodi, amkia, eleza shida yako. "Shikamoo bibi, sisi ni wanafunzi, tunaomba kuchora mlango wako" haijawahi kuniangusha. Ukiambiwa la, shukuru upite. Usichore ukiwa umeziba njia. Punda wana haki ya njia kuliko wewe, na hawasubiri. Mlango ukifunguliwa, kalamu chini na macho chini, maana unachokiona ndani hakikuhusu. Usipige picha ya mtu aliyetokeza.

Kwa nini kwenda mtaani ikiwa makumbusho yako pale? Kwa sababu mtaani unaona mlango umekaa kwenye ukuta wake, juu ya baraza yake, na utaona mahali mikono ya watu imelainisha nakshi. Pia kuna mafundi wa mbao wanaofanya kazi hadi leo. Ukipata ruhusa ya kusimama karakana dakika kumi, tazama anachochora kwenye ubao kabla ya kuchonga. Utaona mistari ile ile ya Hatua ya 5.

## Hatua ya 9: Bikari darasani

Fanya ndani ya siku tatu baada ya kurudi, macho yakiwa bado yana moto.

Anza na waridi la kona. Chora duara la nusu kipenyo cha sentimita 2.5. Bila kubadilisha upana wa bikari, weka ncha popote kwenye mzingo, chora tao linalopita kwenye kitovu kutoka ukingo hadi ukingo. Hamia pale tao lilipokata mzingo, rudia. Ukifanya mara sita utarudi ulipoanzia, na mbele yako kuna petali sita zilizokamilika.

Ukifika mara ya sita ukakuta umepita au umepungukiwa na milimita mbili, bikari imelegea. Usirekebishe kwa mkono. Kaza skrubu, anza upya. Kosa dogo hapa litaonekana kubwa ukichapa mara nne.

Waridi hilo ni la kila mtu, kuanzia darasa la hisabati. Sasa lifanye lako kwa kufuata ulichokiona: gawa kila petali mara mbili, acha petali tupu ujaze mapengo, au weka nukta nje ya kila ncha. Badilisha jambo moja tu. Mwanafunzi anayebadilisha matano kwa pamoja hajui lipi limempendezesha.

Kipande cha mkanda kichore ndani ya mstatili wa sentimita 4 kwa 6, upana 4 na kimo 6. Hapa ndipo ile kadi inapolipa.

## Hatua ya 10: Hesabu ya pindo

Chukua kitambaa cha meza cha sentimita 60 kwa 40. Pindo lina kimo cha sentimita 6, kwa hiyo kila kona inachukua mraba wa 6 kwa 6, na ndimo waridi lako linakaa likiwa na nusu sentimita ya hewa kila upande.

Upande mrefu: 60 ukitoa 12 zinabaki 48. Upande mfupi: 40 ukitoa 12 zinabaki 28. Unahitaji upana wa kipande unaogawanya 48 na 28 bila baki. Nne inafaa: vipande 12 na vipande 7. Ukichukua 5 utapata 9 na ushei, na 5 na ushei. Ua lako la mwisho litakatwa shingo kwenye kona, kama ile kanga tuliyoicheka.

Tahadhari moja kwa wenye vipande viwili vinavyopokezana. Upande wa 12 utaanza na kikubwa uishie na kidogo; upande wa 7 utaanza na kikubwa na kuishia na kikubwa. Kona zako hazitafanana. Ama ukubali ukijua, ama ubadilishe kitambaa kiwe 64 kwa 40, ambapo pande zote zina idadi witiri, 13 na 7.

Umefaulu ikiwa umechora gridi nzima kwenye karatasi kwa penseli na kila mstari umefika mahali pake kabla hujagusa kitambaa.

## Hatua ya 11: Kukata stensili

Osha filamu ya eksirei, ifute vizuri, ibandike juu ya mchoro na ukate kwa wembe.

Shida utakayoikuta ni hii. Fundi wa mbao akichonga duara ndani ya duara, la ndani linabaki, kwa kuwa mti uko chini yake. Wewe ukikata duara la nje kwenye stensili, la ndani linadondoka sakafuni. Kwa hiyo kila umbo lililozungukwa lazima liachiwe daraja, kipande chembamba cha milimita 2 hadi 3 kinachoshika ndani na nje. Weka madaraja kwenye mchoro kabla ya kukata, na uyaweke kwa mpangilio: yote kwenye mwanya wa petali, kwa mfano. Daraja lililowekwa ovyo linaonekana kama kidonda. Lililowekwa kwa mpango linakuwa sehemu ya nakshi.

Kata maumbo madogo kwanza, makubwa mwisho, kwa sababu plastiki ikishatobolewa sana inayumba. Vuta wembe kukuelekea kimshazari, mkono mwingine ukiwa nyuma ya ukali, kamwe si mbele. Kwenye kona kali zungusha plastiki, si mkono. Walimu: nyembe zihesabiwe zikitoka na zihesabiwe zikirudi.

## Hatua ya 12: Kuchapa

Fua melikani kwanza, anika, piga pasi. Mpya ina wanga unaozuia rangi kuingia, na pia hunywea. Ukichapa kabla ya kufua, hesabu yako yote ya sentimita 48 inapotea kwenye beseni.

Bandika kitambaa mezani kwa selotepu, chora gridi kwa penseli nyepesi. Chovya sponji, ipige piga kwenye karatasi ya taka mpaka iwe karibu kavu, ndipo uguse stensili kwa kudonoa wima. Ukipaka kama unapaka ukuta, rangi itapita chini ya ukingo. Rangi nyingi ni kosa namba moja, na haliponi.

Chapa kona nne kwanza. Kisha katikati ya kila upande. Kisha jaza kuelekea kona, kulia na kushoto. Ukianzia kona moja na kuzunguka, kila kosa la nusu milimita linajilimbikiza, na yote yatakusubiri kwenye kona ya mwisho. Futa upande wa nyuma wa stensili kila baada ya machapo mawili.

Acha ikauke usiku kucha, kisha fuata maelekezo ya kopo la rangi kuhusu pasi. Rangi nyingi za kitambaa hutaka pasi ya moto upande wa nyuma ndipo zishike.

## Ukikwama

*Kona zimefanana ila pindo linaonekana limepinda.* Mistari miwili ya kufungia mkanda imekosekana. Ichore kwa rula na uijaze kwa brashi nyembamba.

*Kazi ni safi lakini haina uhai.* Rudi kwenye mchoro wa "mwanzo" wa Hatua ya 7. Huenda vipande vyote 38 vya pindo lako vinaelekea upande mmoja na hakuna vinapotokea. Weka umbo la kuanzia katikati ya kila upande mrefu, kisha acha vipande vielekee pande mbili kutoka pale. Kumbuka umbo hilo nalo linakula nafasi. Likiwa na upana wa sentimita 8, kwenye upande wa 48 zinabaki 40, yaani vipande vitano kulia na vitano kushoto.

*Mwanafunzi amerudi na picha za simu tu, hakuna mchoro.* Chapisha picha moja kwa ukubwa wa A4, mpe kadi yake yenye dirisha, aanze Hatua ya 6. Ila kona hataiona vizuri, maana karibu kila picha ninayotumiwa imekatwa hapo hapo juu, ili vichwa vya watu vinne viingie.